Changarawe Mdomoni: Kumfundisha Mtoto Mithali kwa Makosa Yake Mwenyewe

Nilikuwa na miaka saba nilipojua Mithali 20:17 inasema nini, na niliijua kabla sijaisoma. Bibi alikuwa ameanika dagaa mchangani, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kibirizi, Kigoma. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kufukuza kunguru na bata wa jirani. Jua lilipopanda, dagaa wakaanza kukauka na kunukia, nami nikaanza kuonja. Mmoja, wawili, kisha konzi. Niliposikia ndala za Bibi zinakuja nyuma yangu, nikachota konzi ya mwisho bila kuangalia, nikaitia yote kinywani. Zaidi ya nusu yake ilikuwa mchanga.

Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, kunguru wamekula?" Nikatikisa kichwa. "Mbona husemi?" Sikuweza. Nikitafuna, meno yanalia kama jiwe la kusagia. Nikitaka kumeza, koo linakataa. Machozi yakanitoka. Bibi akanitazama, akaelewa, akacheka mpaka akaketi chini. Halafu akachota maji kwa kata, akanipa nisukutue. Hakusema neno lingine mpaka usiku, tulipokwisha kula. Hapo akamwomba shangazi afungue Biblia, asome pale Suleimani anapoeleza kwamba chakula cha hila huwa kitamu mwanzoni, lakini baadaye mlaji hujikuta ana changarawe kinywa kizima.

Mistari mingi niliyokariri ili nipewe peremende imenitoka. Huu haujatoka, maana niliutafuna.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yako mzazi, mlezi au mwalimu wa shule ya Jumapili. Ninaamini kwamba kosa la mtoto, hasa lile linalochekesha, ni mlango ambao hekima ya Biblia inaweza kuingilia na kukaa. Ila mlango huo una namna yake ya kufunguliwa. Bibi aliifuata karibu yote siku ile, ingawa kicheko chake kilitangulia changu: alitazama, alicheka, alitoa maji, alinyamaza, ndipo akaleta neno.

Ziwa liko upande wako

Mtoto wa mwambao huu ana bahati ambayo watoto wengi hawana: sehemu kubwa ya Injili inatendeka mahali panapofanana na kwao. Wavuvi wetu wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, na taa zao, zamani karabai na siku hizi nyingi za betri na sola, huwavuta dagaa kuja juu. Simoni Petro na wenzake nao walikuwa watu wa usiku. Katika Luka 5 wamekesha bila kupata kitu, na asubuhi wako ufukweni wanaosha nyavu. Mtoto wa Katonga ambaye baba yake amewahi kurudi mikono mitupu anajua uso wa Petro ulivyokuwa asubuhi ile; huna haja ya kumchorea. Ukimsomea Yohana 21, penye moto wa makaa na samaki ufukweni kulipokucha, yeye atakuambia harufu yake.

Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe mwaka 1879, wote baada ya miezi mingi ya kutembea kwa njia ya misafara kutoka pwani. Hivyo Biblia ina karibu karne moja na nusu katika mwambao huu, na leo iko mezani, hata kwenye simu. Safari iliyobaki ni ile ya kutoka mezani hadi moyoni mwa mtoto, na njia yake imetajwa katika Kumbukumbu la Torati 6:7: mzazi aongee na watoto wake akiwa ameketi nyumbani, akiwa njiani, akienda kulala na akiamka. Njia ya bombani, foleni ya mashine ya kusaga, kurudi na kapu kutoka soko la Mwanga, hayo ndiyo madarasa. Na katika madarasa hayo mtoto hukosea kila siku.

Kwanza, yatenganishe makosa

Kabla hujacheka wala kufungua Biblia, jiulize kosa hili ni la aina gani.

Liko kosa la kutojua. Mtoto hakuelewa neno, au hakujua kitu kinavyofanya kazi. Hili halihitaji adhabu hata chembe. Lahitaji maelezo na tabasamu.

Liko kosa la tamaa au haraka. Alijua, lakini ulimi au miguu ilimtangulia. Hapa ndipo Mithali ina utajiri mkubwa kuliko kwingine kote, na hapa ndipo mwongozo huu utakaa zaidi.

Liko kosa la hila. Alipanga kumdhulumu mwingine. Hata hili laweza kuwa na kichekesho ndani yake, lakini usicheke mpaka aliyedhulumiwa awe amepata haki yake.

Na liko kosa la hatari. Hili usilicheke kabisa. Ziwa letu ni la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal. Penye kina kirefu zaidi linafika mita 1,470 hivi, na mahali pengi ufuko unashuka ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni. Mtoto aliyefungua kamba ya mtumbwi peke yake, au aliyekwenda kuogelea wakati upepo wa kusi unapiga, mtoe majini, mkumbatie, mkataze kwa maneno mafupi yasiyo na mzaha. Mithali 22:3 inamsifu mwenye busara aonaye hatari mapema akajiweka kando. Ukilicheka kosa la hatari leo, kesho mtoto atalirudia ili akuchekeshe.

Hatua sita

*Ya kwanza: nyamaza.* Mithali 18:13 inasema kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu kwa anayejibu. Mstari huo wengi huwasomea watoto, lakini unamhusu mzazi kwanza. Vuta pumzi. Tazama. Mpe maji asukutue kama kinywa kina mchanga, mpoze kwa maji kama ameungua, mtoe kwenye matope. Mwili kwanza.

*Ya pili: mwache asimulie.* Usimuulize "Kwa nini umefanya hivi?" kwa sababu mtoto mara nyingi hajui kwa nini, na ukimbana atabuni. Mwambie, "Hebu nieleze ilivyokwenda, tangu mwanzo." Atakapofika mahali penye kituko, utaona macho yake yenyewe yanaanza kucheka. Ngoja hapo.

*Ya tatu: cheka naye, usimcheke.* Kiswahili kimetutenganishia mambo haya kwa kitenzi kimoja. Kucheka naye ni kuingia katika kisa chake. Kumcheka ni kumtoa nje ya watu. Kipimo ni rahisi: kama yeye hajacheka, wewe bado.

*Ya nne: uliza swali moja.* Fuata njia ya nabii Nathani katika 2 Samweli 12. Hakuanza kwa kumshutumu mfalme Daudi. Alimletea kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, Daudi akakasirika na kutoa hukumu, kisha akagundua amejihukumu. Maswali yanayofaa ni kama haya: "Utamu uliishia wapi?" "Ungekuwa wewe ndiye mama, ungefanyaje?" "Ukirudishiwa asubuhi ya leo, ungeanzia wapi?" Chagua moja. Maswali matano yakifuatana yanageuka kuwa mahakama.

*Ya tano: leta neno, mara moja tu.* Mithali 25:11 inalifananisha neno lililosemwa kwa wakati wake na tunda la dhahabu katika chombo cha fedha. Tunda hilo haligawiwi kutwa nzima. Soma mstari, au useme kwa maneno yako, kisha funga kitabu. Mara nyingi wakati wake ni jioni, tumbo likiwa limeshiba na aibu imepoa.

*Ya sita: mwache atengeneze alichoharibu.* Zakayo katika Luka 19 hakuishia kushuka mkuyuni na kufurahi. Aliahidi kurudisha mara nne. Kesho yake mimi nilipewa ungo, nikapepeta dagaa wote wa Bibi, konzi kwa konzi, mpaka mchanga ukaisha. Mkono ulichoka, lakini moyo ulikuwa mwepesi.

Makosa ya mwambao wetu na mithali zake

*Shati la mawese.* Mtoto katumwa kidumu cha mawese. Anakutana na mwenzake mwenye baiskeli, wanashindana mbio, kifuniko kinalegea, shati jeupe la shule linapata doa jekundu tangu kifuani hadi kiunoni. Kila mtu wa Kigoma anajua doa la mawese lilivyo gumu. Mtoto analivaa shati nje-ndani. Doa linaonekana. Anavaa sweta juu yake, saa saba mchana. Jasho linamtiririka. Mama anamtazama, anamuuliza kwa upole, "Mwanangu, una homa? Twende zahanati ukachomwe sindano?" Kabla neno sindano halijakwisha, sweta liko chini na kisa chote kimetoka.

Hapa una mithali mbili. Mithali 19:2 inamwonya mwenye haraka ya miguu kwamba atapotea njia. Lakini iliyo nzito zaidi ni Mithali 28:13: afichaye kosa hafanikiwi, na anayelikiri na kuliacha hupata rehema. Wazazi wengi hukazia nusu ya kwanza. Wewe kazia ya pili, na uitimize. Mtoto akiungama na bado akapigwa kama asiyeungama, umemfundisha kwamba Biblia haisemi kweli, na mara nyingine atavaa masweta mawili. Mpe sabuni, kaeni pamoja kwenye beseni, mfue.

*Kopo lililobonyezwa.* Wasichana wawili wa Ujiji wanacheza duka. Fedha ni visoda, bidhaa ni dagaa waliobaki, kipimo ni kopo la maziwa. Muuzaji amelibonyeza kopo kwa jiwe chini, kitako kikaingia ndani, na sasa linajaa kwa dagaa wachache. Biashara inakwenda vizuri mpaka zamu zinabadilishana. Aliyekuwa mnunuzi sasa ni muuzaji, na kopo ni lile lile. Mwenye hila anapokea dagaa wake kiduchu, anapiga kelele, "Kopo lako bovu!" Mwenzake anamjibu bila hasira, "Ni lako."

Mithali 20:10 inasema vipimo viwili visivyolingana ni chukizo mbele za Bwana, na 11:1 inasema vivyo hivyo juu ya mizani. Lakini usikose kuona kitu kingine. Ujiji ni mji ambao Wakristo na Waislamu wanashiriki ua, bomba na misiba. Mara nyingi yule rafiki amekwisha kulisikia onyo hili madrasa, maana Kurani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Waache watoto waelezane. Mtoto akiona kwamba nyumba mbili zenye ibada tofauti zinakataa kopo moja lililobonyezwa, ataelewa kwamba haki ina uzito popote pale. Kisha wape jiwe, wakinyooshe kitako cha kopo.

*Maembe mabichi.* Msimu wa maembe Ujiji hauhitaji tangazo. Mji huu, ambao Stanley alimkutia Livingstone mwaka 1871, umejaa miembe, na mtoto hangoji embe liive. Anapanda na chumvi ndani ya karatasi, pilipili mfuko wa pili. La kwanza tamu, la tatu tamu, la saba anakula kwa sababu rafiki amekula la sita. Usiku mzima njia ya chooni ni yake.

Mithali 25:16 inasema ukipata asali, kula kiasi kinachokutosha, usije ukashiba kupita kiasi ukaitapika. Asali ya Kasulu na Kibondo inajulikana mkoa mzima, weka kijiko kimoja mbele yake kesho yake, aonje, umuulize, "Kijiko cha kumi kitakuwaje?" Mstari haukatazi asali. Mtoto aelewe hivyo: Mungu ndiye aliyeweka utamu ndani ya embe, naye pia ndiye aliyeweka kiasi.

*Migebuka ya kesho.* Mtoto wa darasa la tatu amewaalika rafiki zake wanne: "Kesho njooni, Baba anakwenda ziwani, tutakula migebuka." Usiku upepo unachafuka, mitumbwi inarudi mapema. Kesho wageni wanafika, wamenawa mikono tayari. Mama anawaandalia ugali wa muhogo na kisamvu. Mmoja anauliza, "Migebuka iko wapi?" Mwenyeji anajibu, "Bado inaogelea."

Cheka naye, jibu lake ni zuri. Kisha mpe Mithali 27:1, isemayo usijisifie kesho kwa sababu hujui itakachozaa, na Yakobo 4:13-15, panapofundisha kusema Bwana akipenda. Mkumbushe kwamba wavuvi wa hapa hawapangi safari bila kusema "Mungu akijalia". Maneno hayo ameyasikia tangu azaliwe, leo ndiyo kwanza ameyaelewa. Na mwambie kwamba wageni walioshiba kisamvu hawakudanganywa na mtu aliyewakaribisha kwa moyo wote. Kilichopungua ni neno moja tu la unyenyekevu.

*Kwenda kwa chungu.* Hili ni kosa la masikio, na ni la Kiswahili hasa. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumekua nayo, katika Mithali 6:6 inamtuma mvivu kwa chungu, yaani sisimizi, akapate hekima. Mtoto anayemjua sisimizi kwa jina la sisimizi anasikia chungu cha kupikia. Hivyo mwalimu akiwaambia watoto wavivu waende kwa chungu, yuko atakayekwenda jikoni, atafunua, atatazama maharage kwa makini, na kuonja kidogo ili hekima iingie.

Usimsahihishe kwa haraka. Mchukue nje, dondosha tonge dogo la ugali, ngojeni pamoja. Robo saa haipiti kabla hamjauona mstari wa sisimizi, kila mmoja na mzigo unaomzidi, hakuna msimamizi anayepiga kelele. Hilo ndilo Mithali 6:7-8 inalosema: hana mkuu wala mtawala, lakini wakati wa mavuno anaweka akiba. Mtoto akishaona, ataikumbuka milele tofauti ya chungu na chungu, na siku ya kufagia ua hutahitaji kusema mengi.

*Sala ya ugali.* Mtoto anapiga magoti, anasali sala aliyotufundisha Bwana, anafika penye mkate, anasimama. Anamwomba Mungu, kwa heshima zote, kama mkate ni shida basi alete ugali na migebuka ya mawese, itatosha. Usiseme "Hivyo sivyo." Mwambie amesali sawasawa. Katika nchi ya Yesu mkate ndio uliokuwa ugali wao. Chakula cha kila siku, kisichokosekana mezani. Mtoto amefanya kazi ya mfasiri: ameleta maana nyumbani. Mithali 30:8 ina sala inayofanana na yake, ya mtu anayeomba asipewe umaskini wala utajiri, ila chakula kinachomtosha.

*Nani kavunja?* Mtungi umevunjika, watoto wawili wako mbele yako, na wa kwanza kufika ana maneno matamu. Mithali 18:17 inasema anayetangulia kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amchunguze. Wasikilize wote wawili, mmoja mmoja. Mara nyingi utakuta mtungi ulivunjwa na kuku.

Kicheko kinapogeuka sumu

Kisa cha mtoto ni mali yake. Kikishachekwa sebuleni, kisipelekwe kanisani bila ruhusa yake. Usikisimulie mbele ya wageni naye amesimama na sinia la chai. Usimpige picha akiwa na doa la mawese ukaiweka kwenye simu kwa watu wote. Usimpachike jina, mtoto aitwaye "Mchanga" au "Sweta" mtaa mzima hatakuletea kosa lake la pili. Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21 zinawaonya wazazi wasiwachokoze watoto wakakata tamaa, na hakuna kinachokatisha tamaa kama kuchekwa na mtu unayemtegemea.

Kuhusu fimbo, najua wengi huifuata Mithali kwa ajili ya mistari inayoitaja. Nakuomba usome kitabu chote. Kina sura 31, na katika sura zile za mwanzo neno linalorudi tena na tena ni "mwanangu". Baba yule anazungumza, anaonya, anasimulia, anabembeleza, anaita tena. Sauti ndiyo kazi yake kubwa. Mzazi aliyekariri mistari ya fimbo tu amechota konzi moja, na ndani yake mna mchanga mwingi.

Simulia na kosa lako

Mtoto asidhani Mithali iliandikwa kwa ajili ya wafupi. Msomee Luka 2:41-50. Mariamu na Yusufu walitoka Yerusalemu na msafara, wakatembea mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yuko kati ya jamaa, na wakamwona baada ya siku tatu. Mzazi yeyote aliyewahi kupoteza mkono wa mtoto katika msongamano wa stesheni ya Kigoma siku ya treni anajua moyo wa Mariamu ulivyodunda. Mwambie mtoto wako siku uliyokosea, ulivyojisikia, na ulivyorekebisha. Ukimkosea yeye, mwombe radhi kwa maneno yaliyo wazi. Hapo mithali inaacha kuwa amri ya wakubwa, inakuwa njia ambayo nyote wawili mnaipita.

Ratiba inayofuata mwezi

Kwa familia za wavuvi napendekeza msifuate kalenda ya ukutani bali mwezi wa angani. Usiku wa giza baba yuko ziwani. Mbalamwezi inapojaa, taa hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, na baba yuko nyumbani. Zitumieni siku hizo. Kaeni nje, mwanga ni wa bure, na kila mmoja asimulie kosa moja la mwezi uliopita, kuanzia mkubwa kwenda mdogo. Mkubwa akianza, mdogo hataogopa.

Siku za giza, mama au mlezi aweke daftari. Aandike tarehe, kosa kwa sentensi mbili, mstari uliosomwa, na jinsi kosa lilivyotengenezwa. Mtoto wa miaka minne hadi sita anatosheka na kicheko na sentensi moja. Wa miaka saba hadi kumi mpe swali. Aliyevuka miaka kumi mkabidhi Mithali yenyewe, sura moja kwa kila siku ya mwezi, atafute mwenyewe mstari unaolingana na kosa lake. Atakaouchagua utakushangaza, maana mara nyingi huwa mkali kuliko ambao ungemchagulia wewe.

Mithali 20:11 inasema hata mtoto hujulikana kwa matendo yake. Baada ya miezi sita fungua daftari, msome pamoja. Mtaona makosa mengine hayarudi tena. Mengine yanarudi yakiwa madogo. Na mengine, haya ndiyo ya kumshukuru Mungu, mtoto ameyaleta mwenyewe kabla hujayagundua.

Bibi hakujua kusoma. Daftari hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni kata ya maji, na aliitoa kabla ya neno. Nimekuwa mtu mzima, nimeusoma ule mstari mara nyingi, na kila nikiufikia ulimi unakumbuka mchanga, kisha unakumbuka maji. Basi jioni ya leo, mwanao atakapokosea, anza na kata.